Edwin Armstrong: Mvumbuzi wa FM aliyeshinda mikwaruzo ya redio

WASHA taa ya LED ya bei ya chini karibu na redio iliyofunguliwa kwenye masafa ya kati, na sauti ya mtangazaji huenda ikamezwa na mngurumo. Chaja ya simu nayo huweza kufanya hivyo. Ndani ya vifaa hivyo umeme hukatwa na kuunganishwa maelfu ya mara kwa sekunde, na mikato hiyo huzaa mawimbi yanayochanganyika na matangazo. Ukihamia FM, kero hiyo kwa kawaida hupungua sana. Aliyeuletea ulimwengu unafuu huo ni Mmarekani Edwin Howard Armstrong.

Alizaliwa New York Desemba 18, 1890. Mwaka 1912, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alibuni njia ya kukuza mawimbi hafifu ya redio. Uvumbuzi huo ulimwingiza katika kesi ndefu na Lee de Forest, akashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1934, ingawa wahandisi wenzake waliendelea kumtambua yeye.

Wakati huo redio zilisumbuliwa na radi, mota za umeme na injini za magari. Matangazo ya AM husafirisha sauti kwa kubadili nguvu ya wimbi, na kelele za umeme nazo huathiri nguvu hiyo hiyo. Armstrong aliamua kuiacha nguvu ya wimbi kama ilivyo, akabadili kasi ya mtetemo wake. Wataalamu walikuwa wameonyesha kwa hesabu kwamba njia hiyo haina faida. Yeye akatumia upana mkubwa wa masafa, kelele zikapungua. Alipewa hataza Desemba 26, 1933.

Rafiki yake David Sarnoff, mkuu wa kampuni ya RCA, alimruhusu kufanya majaribio juu ya jengo la Empire State mwaka 1934. (Mke wa Armstrong, Marion, aliwahi kuwa katibu muhtasi wa Sarnoff.) Lakini RCA ilikuwa na biashara kubwa ya AM na ilishughulikia televisheni. Mwaka 1935 alitakiwa kuondoa mitambo yake, na urafiki ukaingia ufa.

Armstrong alijenga mnara wake Alpine, New Jersey, kwa fedha zake. Mwaka 1945 serikali iliihamisha FM kutoka megahezi 42 hadi 50 kwenda 88 hadi 108, na redio zilizokwisha kununuliwa zikawa hazina kazi. Mwaka 1948 aliishtaki RCA. Kesi ilimaliza fedha zake na kuitikisa ndoa yake. Januari 31, 1954 alijitoa uhai mjini New York, akiwa na miaka 63.

RCA ilimlipa mjane wake takriban dola milioni moja mwaka huo huo. Marion aliendelea na kesi dhidi ya kampuni nyingine, na ya mwisho, dhidi ya Motorola, alishinda mwaka 1967. Mnara wa Alpine ulibaki. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kuangusha mitambo iliyokuwa juu ya World Trade Center, baadhi ya vituo vya televisheni vya New York vilirusha matangazo kutoka hapo.