Bibi wa Taa na Homa Aliyorudi Nayo Kutoka Vitani

Wengi wetu tulisomeshwa shuleni habari za Florence Nightingale, yule bibi wa Kiingereza aliyezunguka usiku na taa mkononi akiwatazama askari wagonjwa. Tusiloambiwa ni kwamba vita vile vilimrudisha kwao naye akiwa mgonjwa, na maradhi hayo alikaa nayo miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya vijana aliowauguza.

Alizaliwa tarehe 12 Mei, 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambako wazazi wake, watu wenye mali, walikuwa safarini. Ndipo akapewa jina la mji. Alipotaka kuwa muuguzi, nyumba nzima ilikataa, kwani siku zile uuguzi huko Uingereza ulihesabiwa kazi ya wanawake wasio na sifa njema. Hakurudi nyuma. Mwaka 1851 alikwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake London.

Mwaka huohuo Urusi na Dola ya Uthmania zikaingia vitani, na mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zikasimama upande wa Sultani. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa Bahari Nyeusi kutoka rasi ya Crimea hadi Üsküdar, ng'ambo ya pili ya Stambuli, ambako Waturuki waliwapa kambi yao kubwa ya Selimiye, yenye jina la Sultani Selim wa Tatu, iwe hospitali. Nightingale alifika hapo tarehe 4 Novemba, 1854 pamoja na wauguzi 38.

Aliyoyakuta hayaelezeki vizuri mezani. Mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba chini ya jengo, na askari walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa, wengi mno kupita waliouawa kwa risasi. Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Mwezi Machi ikaja tume ya afya kutoka London, ikazibua mifereji na kusafisha maji, na kufika Juni vifo vilishuka hadi kama 2 kwa kila 100. Kwa hivyo, tuseme haki, sifa ile haikuwa ya taa peke yake.

Mwezi Mei 1855 alivuka kwenda Balaclava kukagua hospitali za huko. Hazikupita siku nyingi akashikwa na homa kali, akakatwa nywele, na watu wakawa wanangoja habari ya mauti yake. Alipona, lakini kupona kwenyewe kulikuwa nusu. Alishauriwa arudi kwao, akakataa, akakaa mpaka vita vimekwisha mwaka 1856. Sultani Abdulmejid alimtunukia bangili ya almasi. Mwezi Agosti akarudi Uingereza kwa siri, akitumia jina la Smith ili asilakiwe kwa shangwe.

Mwaka mmoja baadaye, akiwa na umri wa miaka 37, alianguka. Moyo ulimwenda mbio, pumzi zikampungua, chakula kikamchukiza, usingizi ukampotea. Desemba 1861 mgongo ulimshika hata akashindwa kutembea, na kwa miaka kama sita akawa mtu wa kubebwa.

Watu hawakosi la kusema. Wako walionong'ona kwamba anajisingizia ili asisumbuliwe na wageni, wala na mama yake na dada yake. Hata mwaka 1974 daktari mmoja Mwingereza, George Pickering, aliandika kitabu akisema maradhi yale yalikuwa ya nafsi. Lakini mwaka 1995 D. A. B. Young alitoa hoja nyingine katika jarida la madaktari wa Uingereza: kwamba homa ya Balaclava ilikuwa bruselosi, ile homa ya maziwa mabichi, ambayo wafugaji wetu wa kaskazini wanaijua. Homa hii humwacha mtu ikamrudia, huingia katika uti wa mgongo, humtia huzuni. Kijidudu chake kiligunduliwa na David Bruce kisiwani Malta mwaka 1887, na mwaka 1905 Themistocles Zammit akakipata kwa mbuzi wa maziwa. Hapana damu ya bibi huyu iliyopimwa, basi hoja itabaki hoja. Ila kumwita mwongo kwa ugonjwa ambao madaktari wa enzi yake hawakuwa na jina lake, mimi naona ni dhuluma.

Na kitandani hakulala bure. Alionyesha kwa hesabu kwamba askari waliokaa kambini Uingereza wakati wa amani walikufa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wataalamu wa takwimu London, na mwaka 1860 shule ya wauguzi ikafunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas'. Michoro yake mashuhuri ilihesabu waliokufa. Waliorudi hai na miili isiyowatii tena, kama yeye mwenyewe, hawamo. Hao waliangaliwa Marekani na daktari Jacob Da Costa, ambaye mwaka 1871 aliandika habari za askari zaidi ya 300 wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wenye moyo wa mbio na pumzi fupi bila jeraha lolote la kuonekana.

Katika miaka ya 1880 maumivu ya Nightingale yalipungua, akanenepa kidogo, akawa mchangamfu. Baadaye macho yakazima. Mwaka 1907 Mfalme Edward wa Saba alimpa nishani ya heshima ambayo kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuipata. Alifariki usingizini tarehe 13 Agosti, 1910, akiwa na miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa nchi. Alizikwa kijijini, East Wellow, karibu na wazazi wake, na juu ya kaburi zimeandikwa herufi za jina lake tu, F.N., na miaka yake.