Reichenbach, bwana aliyefungia orkide miaka 25

Kikanda kinacholiwa huku Katanga kinatoka kwenye orkide: viazi vidogo vya maua ya mbuga, hasa ya jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Moja ya Disa za upande wetu wa Afrika inaitwa Disa welwitschii. Jina hilo lilitolewa mwaka 1865, kwa mmea ambao Friedrich Welwitsch aliukusanya Angola. Aliyelitoa ni Mjerumani Heinrich Gustav Reichenbach.

Baba yake naye alikuwa mtaalamu wa mimea. Ndiyo maana majina aliyotoa mtoto yanafuatwa na alama Rchb.f.; ile f ni ya neno la Kilatini, maana yake mtoto mwanaume. Mwaka 1852 aliandika juu ya chavua ya orkide, na tangu 1863 aliongoza bustani ya mimea ya Hamburg. John Lindley wa Uingereza alipofariki mwaka 1865, Reichenbach ndiye aliyebaki mwamuzi. Orkide za dunia nzima zilitumwa kwake azipe majina.

Kazi haikuwa nyepesi. Kuanzia 1856, huko Uingereza maua ya chotara, waliozalishwa kwa mkono, yalianza kuchanua. Chotara huwa na sura ya katikati ya wazazi wake wawili. Lakini hata orkide za porini za aina moja hazifanani zote, na mara nyingine aliletewa ua moja tu. Dawa ni kulinganisha: kuweka ua jipya kando ya sampuli ya kwanza iliyopewa jina.

Sasa, sampuli nyingi za namna hiyo zilikuwa kwake. Alifariki tarehe 6 mwezi wa tano 1889, na wosia wake ukashangaza watu: mkusanyo wote uende Vienna, ufungwe miaka 25. Inasemekana alikasirika kwa sababu bustani ya Kew, London, ilimwajiri Robert Rolfe kwa kazi ya orkide. Hadi 1914 wataalamu wengine walitoa majina bila kuona sampuli hizo, na orkide kadhaa zikapata majina mawili.

Kwetu Haut-Lomami jambo hili si la mbali. Kiazi kikichimbwa, ua halipo tena la kuonyesha aina yake, na sokoni vyote ni kikanda tu. Aina isiyotambuliwa inaweza kwisha mbugani bila mtu kujua. Basi, mzee anayejua kutenganisha maua hayo kwa majina ya kikwetu awafundishe vijana wakati yangali yanachanua.