Theodore Roosevelt na Bunduki Yake

Theodore Roosevelt alizaliwa New York, katika Marekani, mwaka 1858. Alikuwa mtoto dhaifu, mwenye pumu. Alipokuwa na miaka 13 alipata bunduki yake ya kwanza. Akatoka na wenzake kuijaribu, lakini wenzake walilenga vitu ambavyo yeye hakuviona hata kidogo. Ndipo ilipojulikana kwamba macho yake ni mabaya. Akapewa miwani, na dunia ikawa mpya kwake.

Akakua, akawa mwindaji hodari, na mwaka 1901 akawa Rais. Alipomaliza kazi hiyo, mwaka 1909, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Alileta bunduki mpya ya Winchester. Chini yake, penye kifyatulio, mna mkono wa chuma: ukiusukuma chini na kuurudisha, ganda tupu laruka nje na risasi nyingine yapanda. Mwindaji hana haja ya kuishusha bunduki begani. Jicho la kushoto la Roosevelt lilikuwa limekwisha kupofuka kwa pigo la ngumi mchezoni. Hata hivyo aliua simba kwa bunduki hiyo.

Januari 1910 alifika Lado, kaskazini ya Ziwa Albert, nchi iliyokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Huko yeye na Kermit waliua vifaru weupe 9. Ngozi na mifupa vikapelekwa Marekani, katika nyumba za makumbusho.

Roosevelt alikufa mwaka 1919. Dume la mwisho la vifaru wa jamii ile lilikufa Kenya mwaka 2018. Wakabaki majike wawili tu.