Mchungaji Dkt. Robert Laws, Tabibu na Mwalimu

Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, kwa ndugu zetu Wanyamwanga, iko Mwenzo, kituo cha kale cha Misheni ya Livingstonia. Aliyeiongoza misheni hiyo miaka mingi, Robert Laws, alizaliwa Aberdeen, Uskoti, mwaka 1851, mwana wa seremala. Alifika Ziwa Nyasa mwaka 1875. Wagonjwa walikuwa wengi, naye tabibu mmoja. Hivyo katika chuo alichokianzisha Khondowe mwaka 1894, vijana Waafrika walifundishwa pia kufunga vidonda, kutoa dawa na kusaidia katika upasuaji. Cheo cha daktari hawakupewa, jambo la kusikitisha. Lakini vijijini mara nyingi wao ndio waliompokea mgonjwa kwanza. Laws aliondoka mwaka 1927, akafariki mwaka 1934. Wasaidizi aliowafundisha walibaki kazini.