Ignaz Semmelweis, Daktari Aliyewataka Madaktari Wenzake Wanawe Mikono

Miaka ya 1840, katika jiji la Vienna nchini Austria, mama mjamzito aliyekaribia kujifungua alikuwa na jambo moja la kuuliza kabla ya kwenda hospitali: leo ni zamu ya wodi gani? Hospitali Kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi, nazo zilipokezana siku za kupokea. Wanawake waliofika siku ya wodi ya kwanza walipiga magoti na kulia, wakiomba wasiingizwe humo. Wengine waliona heri wajifungulie njiani, kisha wadai kwamba uchungu uliwazidi kabla hawajafika. Mjini kote ilijulikana kwamba wodi ya kwanza inaua.

Walikuwa sahihi. Mwaka 1846 wanawake 4,010 walijifungua katika wodi ya kwanza, na 459 kati yao wakafariki. Katika wodi ya pili walijifungua 3,754, wakafariki 105. Hospitali ilikuwa moja, jiko moja, na hewa yao ilikuwa moja.

Waliokuwa wakienda kujifungua pale wengi wao walikuwa maskini, wengi hawana waume. Hospitali iliwahudumia bure na mtoto akapata malezi, nao kwa upande wao walikubali wanafunzi wajifunzie kazi kwao. Kwa hiyo mama mmoja mwenye uchungu aliweza kupimwa njia na watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine.

Huko ndiko alikopelekwa kijana Ignaz Semmelweis. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1818 huko Buda, Hungaria, mji ambao baadaye uliunganishwa na Pest ukawa Budapest. Baba yake alikuwa na duka la vyakula. Mwaka 1837 alikwenda Vienna kusoma sheria, akaiacha mapema na kuhamia udaktari, akahitimu mwaka 1844. Julai 1846 alianza kazi ya usaidizi kwa Profesa Johann Klein, mkuu wa wodi ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa nini?

Ni homa ya uzazi, yaani maambukizi yanayomwingia mama kupitia mji wa mimba au njia ya uzazi iliyochubuka wakati wa kujifungua. Yakifika kwenye damu, mama anaweza kufariki katika siku chache. Ugonjwa huu bado upo, na leo una dawa, lakini dawa inataka kuwahi. Mama aliyejifungua ndani ya wiki sita zilizopita akipata homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu makali chini ya kitovu, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, moyo kwenda mbio au kuanza kuchanganyikiwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Msimpe dawa za kutuliza homa mkasubiri kesho.

Wakati wa Semmelweis madaktari hawakujua kwamba homa hii huletwa na vijidudu. Madaktari walisema ni hewa mbaya ya mji, au ni maziwa yaliyopotea njia, au ni hofu na aibu ya wanawake wenyewe. Angalia hapo jinsi lawama ilivyomwendea mama.

Semmelweis hakuridhika. Alianza kuondoa sababu moja moja. Msongamano? Wodi ya pili ndiyo iliyojaa zaidi, kwa kuwa wanawake waliikimbilia. Mlalo? Wodi ya pili walizalisha mama akiwa amelala ubavu. Akaiga, vifo havikupungua. Padri aliyepita wodi ya kwanza akipigiwa kengele kila alipokwenda kwa mwanamke anayekufa? Labda kengele iliwatia hofu. Akamwomba apite njia nyingine bila kengele. Vifo vikabaki pale pale. Tofauti moja iliyobaki ilikuwa ya watumishi: wodi ya pili walijifunza wakunga, wodi ya kwanza walijifunza wanafunzi wa udaktari.

Machi 1847 alikwenda mapumziko Venice. Aliporudi alikuta rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, amefariki. Mwanafunzi alimchoma kidole kwa kisu bahati mbaya wakati wakipasua maiti. Semmelweis alisoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wa rafiki yake, akaona kitu kilichomtoa usingizi. Aliyoyasoma ni yale yale aliyokuwa akiyaona kila siku kwenye miili ya akina mama.

Hapo akaelewa. Madaktari na wanafunzi walianza asubuhi kwenye chumba cha maiti, wakipasua waliofariki jana. Kisha walisuuza mikono kidogo, harufu ikiwa bado imeganda, wakapanda wodini kupima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Yeye mwenyewe alikuwa hodari kuliko wengi katika kupasua maiti, kwa sababu alitaka sana kujua kinachowaua akina mama. Baadaye aliandika kwamba ni Mungu pekee anayejua idadi ya wanawake aliowapeleka kaburini kabla ya wakati wao.

Nimefanya uuguzi wa jamii kwa miaka kadhaa na nimesoma habari za watabibu wengi mashuhuri. Sijui wengi waliothubutu kuandika neno kama hilo kuhusu nafsi zao.

Beseni mlangoni

Katikati ya Mei 1847 aliweka beseni la maji yenye klorini mlangoni mwa wodi. Mtu yeyote atokaye chumba cha maiti ni lazima asugue mikono humo kabla ya kumgusa mzazi. Alichagua klorini kwa sababu iliondoa harufu ya maiti, na baadaye akatumia chokaa ya klorini kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa bei. Mwezi Aprili, kabla ya beseni, walikuwa wamejifungua wanawake 312 na kufariki 57. Mwezi Juni walijifungua 268, wakafariki 6. Julai, kati ya 250, wakafariki 3.

Jambo lililofuata ndilo ambalo mimi hulieleza zaidi kwa akina mama, kwa sababu linahusu wodi zetu kuliko habari ya maiti. Oktoba mwaka huo huo alilazwa mwanamke mwenye saratani ya mji wa mimba, inayotoa usaha. Alikuwa kitanda cha kwanza, pale ambapo mzunguko wa madaktari ulianzia. Walikuwa wamenawa klorini mlangoni kama walivyoamriwa. Wakampima yeye, wakasafisha mikono kwa sabuni tu, wakaendelea na wazazi waliofuata. Kati ya wazazi 12 waliokuwa na uchungu, 11 walifariki.

Maiti haikuhusika kabisa hapo. Ugonjwa ulitoka kwa mgonjwa aliye hai na kwenda kwa jirani yake kwa mikono ya mtumishi. Ndipo Semmelweis akabadilisha amri: kunawa kwa klorini iwe kati ya mgonjwa na mgonjwa, si mlangoni tu. Mwaka 1848, mwaka mzima wa kwanza wa utaratibu huo, wodi ya kwanza ilikuwa na wazazi 3,556 na vifo 45. Wodi mbili zikawa karibu sawa. Machi na Agosti mwaka huo hakufariki hata mama mmoja katika wodi ya kwanza.

Leo Shirika la Afya Duniani linataka kila mtumishi wa afya asafishe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kupima njia au kuweka dripu, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda au vitu vyake. Huo ni wajibu wa kazi, kama kufika zamu kwa wakati. Glavu haziondoi wajibu huo. Glavu zilizogusa faili, kitasa cha mlango na simu kabla ya kukufikia wewe zinamlinda aliyezivaa, wewe hazikulindi. Kila mgonjwa na glavu zake, na mikono inawiwe kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.

Katika kutembelea kaya, akina mama huniambia wanaona haya hayo wodini lakini wanaogopa kusema. Wanaogopa kufokewa, au kuachwa peke yao uchungu ukizidi. Hofu hiyo naielewa, nami sitasema haina msingi. Lakini ukimwomba muuguzi au daktari, kwa heshima, anawe mikono kabla ya kukupima au kumshika mtoto wako, hujamkosea adabu. Kama uchungu umekuzidi, aliyekusindikiza aseme badala yako. Mkubaliane hilo mapema, mnapoandaa vifaa vya kujifungulia. Ukijibiwa vibaya, kila kituo kina mganga mfawidhi au muuguzi kiongozi, na vingi vina sanduku la maoni. Malalamiko ya tabia ya mtumishi ni malalamiko halali hata kama mama na mtoto wametoka salama. Na nyumbani, bibi, shangazi na majirani wanaokuja kumpokea mtoto nao wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumbeba au kugusa kitovu chake.

Kwa nini walimkataa

Mtu angetarajia Semmelweis abebwe juu juu. Haikuwa hivyo. Klein hakukubali, na Machi 1849 mkataba wake ulipoisha haukuongezwa.

Ziko sababu kadhaa. Nadharia ya hewa mbaya ilikuwa na wenyewe. Yeye mwenyewe hakuandika: marafiki zake walichapisha habari za ugunduzi kwa niaba yake, na kitabu chake kikamaliza zaidi ya miaka kumi bila kutoka. Pia hakuwa wa kwanza kusema kwamba homa hii hubebwa na wahudumu. Alexander Gordon wa Aberdeen alilisema mwaka 1795, na Oliver Wendell Holmes wa Boston mwaka 1843, nao wakapingwa. Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kumkubali kulimaanisha kukiri kwamba umeua. Gustav Michaelis, daktari wa uzazi wa mji wa Kiel, Ujerumani, alimkubali. Binamu yake alikuwa amefariki kwa homa hiyo baada ya yeye kumzalisha. Majuto yalimzidi, na mwaka 1848 alijitoa uhai. Wengi wengine walichagua kutokuelewa.

Semmelweis alirudi kwao Hungaria mwaka 1850. Mwaka uliofuata alipewa wodi ya wazazi ya hospitali ya Mtakatifu Rochus mjini Pest, kazi ya heshima isiyo na mshahara. Katika miaka sita walijifungua wanawake 933, wakafariki kwa homa hiyo 8. Mwaka 1855 akawa profesa wa chuo kikuu cha Pest. Huko alikuta adui mwingine: mashuka. Yalirudishwa kutoka kwa dobi yakiwa bado na damu na uchafu, na wazazi wakalazwa juu yake. Akagombana na uongozi hadi mashuka masafi yakapatikana. Hilo nalo nalipenda, maana usafi wa wodi una wafanyakazi wake ambao hawavai koti jeupe, na wao pia hushika uhai wa mama.

Mwaka 1857 alimwoa Maria Weidenhofer. Walipata watoto watano, wawili wakafariki wakiwa wachanga.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, kirefu na kizito kusoma. Kilipopingwa, akaanza kuandika barua za wazi kwa maprofesa wa Ulaya, akiwaita wauaji kwa majina yao. Ukweli ulikuwa upande wake, na hasira yake ilikuwa na sababu. Hata hivyo barua zile ziliwafungia milango wale waliokuwa wakisitasita, na waliolipa gharama ya mlango uliofungwa walikuwa wazazi. Vijana wauguzi wakiniuliza namna ya kumkumbusha mkubwa wao anawe, huwaambia wamsome Semmelweis hadi hapo kwenye barua, wasiige barua.

Kuanzia mwaka 1865 hali yake ilibadilika. Akili yake haikuwa ile ya zamani. Mwishoni mwa Julai alipelekwa Vienna kwa hila, akaingizwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipojaribu kutoka, walinzi walimpiga vibaya. Wiki mbili baadaye, tarehe 13 Agosti 1865, alifariki akiwa na umri wa miaka 47. Jeraha lake lilikuwa limeoza na maambukizi yameingia kwenye damu: ugonjwa wa namna ile ile alioupigania maisha yake yote.

Mjini Pest nafasi yake ilichukuliwa na daktari mwingine, utaratibu wa kunawa ukalegea, na vifo vya wazazi vikapanda mara kadhaa. Hakuna aliyepiga kelele.

Machi 1879, katika mkutano wa madaktari mjini Paris, msemaji mmoja alikuwa akieleza tena sababu za homa ya uzazi. Louis Pasteur alimkatiza. Akasema wanaobeba ugonjwa huo ni madaktari na wahudumu, kutoka kwa mama mgonjwa hadi kwa mama mzima, kisha akaenda ubaoni akachora kijidudu chenyewe: vidoa vya duara vilivyoungana kama shanga kwenye uzi.