Marconi na mlango usio na bawabu

Ndugu msomaji, mnunuzi wa dhahabu pale Kharumwa akituma fedha kwa simu, hutaka zifike kabla kahawa yake haijapoa. Akiulizwa namba ya siri mara mbili, hununa. Kabla hatujamuunga mkono, tumtazame Guglielmo Marconi, mtu aliyeipa dunia mawasiliano yasiyo na waya.

Alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874, baba Mwitalia na mama wa Ireland. Mwaka 1895, akiwa na miaka 21 tu, alifanya majaribio ya kupeleka ishara hewani nyumbani kwao. Mwaka uliofuata akahamia Uingereza. Desemba 1901 akatangaza kwamba amepokea Newfoundland ishara iliyotoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Lakini watu walihoji: je, siri zetu zitakuwa salama? Marconi alikuwa na jibu. Mwaka 1900 alikuwa amepata hati namba 7777 ya kulinda uvumbuzi wake wa kuoanisha mitambo, ili kila mmoja usikilize mawimbi yake tu. Akadai hilo latosha.

Tarehe 4 Juni 1903 aibu ikamfika. Mwenzake, John Ambrose Fleming, alikuwa London mbele ya hadhara, akisubiri kuonyesha ujumbe wa Marconi kutoka Poldhu. Ghafla mtambo ukaanza kupokea maneno ya kejeli! Mtumaji alikuwa Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, aliyekuwa na mtambo wake jirani. Fleming alighadhibika. Maskelyne akajitetea kuwa alitaka umma uujue ukweli.

Kosa lilikuwa nini? Mtambo ulijua kusikia, haukujua kuuliza ni nani anayesema. Sisi Waislamu tumefunzwa zamani kumchunguza mleta habari kabla ya kuipokea habari yake.

Marconi hakuangamia kwa aibu ile. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Karl Ferdinand Braun. Mwaka 1912 watu zaidi ya 700 wa meli ya Titanic waliokolewa kwa kuwa mwito wa simu ya upepo uliifikia meli nyingine. Kufikia 1914 Wajerumani walikuwa na vituo vya simu hiyo Mwanza na Bukoba. Kile cha Bukoba Waingereza walikibomoa Juni 1915. Marconi alifariki Roma tarehe 20 Julai 1937.

Swali lake limebaki. Simu inayohama kutoka kituo kimoja cha Wi-Fi kwenda kingine ikihojiwa upya kila mara, mazungumzo hukatika. Ndiyo maana mwaka 2008 ilipitishwa kanuni ya njia ya mkato: kifaa huhakikiwa kikamilifu mara ya kwanza, kisha vituo vinavyofuata hukihakiki kwa ufupi. Mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kasoro katika makubaliano ya ufunguo baina ya kifaa na kituo, na njia hiyo ya mkato nayo iliguswa. Dawa haikuwa kurudi kwenye waya, bali kusahihisha programu.

Basi ndugu yangu, tofautisha mambo mawili: kufupisha uhakiki na kuufuta. Kufupisha ni kazi ya mafundi, na inawezekana. Kufuta ni kuacha mlango bila bawabu. Namba ile ya siri inayokuudhi Kharumwa ndiyo bawabu wako. Mpe sekunde zake.