Jenerali China na barua zilizomwepusha na kitanzi

NI wachache waliohukumiwa kunyongwa na serikali ya kikoloni kisha wakaokolewa na kalamu. Hayati Waruhiu Itote, aliyefahamika zaidi kama Jenerali China, alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa mwaka wa 1922 wilayani Nyeri. Mnamo 1942 alijiunga na jeshi la King's African Rifles na kupigana Burma, kisha akaajiriwa katika reli. Vita vya Mau Mau vilipoanza, aliwaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, ambao msitu wake unapakana na Nyeri, Embu na Meru.

Msituni hapakuwa na simu. Amri na habari za adui zilisafiri kwa barua, zikibebwa na wajumbe, wakiwemo wanawake. Serikali ilizitamani barua hizo jinsi watawala wa Ulaya walivyotamani siri za mabalozi. Mjini Vienna, katika karne ya 18, makarani wa siri walizifungua barua za mabalozi, wakazinakili, kisha wakazifunga tena kwa lakiri.

Mlimani, serikali ilimpata mwandishi mwenyewe. Januari 15, 1954, China alikamatwa akiwa na jeraha la risasi shingoni. Afisa wa ujasusi Ian Henderson, aliyekulia Kenya na kukimudu Kikuyu, alimhoji kwa saa 68. Mahakama ya Nyeri ilimhukumu kifo, kosa mojawapo likiwa kupatikana na risasi mbili.

Machi mwaka huo aliondolewa kitanzi, naye akakubali kuwaandikia makamanda wenzake waje kujadiliana. Jenerali Tanganyika alikuwa miongoni mwa waliojitokeza. Kila jibu kutoka msituni liliionyesha serikali ni nani aliyesikizwa huko.

Mazungumzo yalivunjika Aprili. Tarehe 24 mwezi huo jeshi lilizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatiwa kizuizini.

China alizuiliwa Lokitaung, ambako Mzee Jomo Kenyatta alimfunza Kiingereza. Aliachiliwa 1962, akawa naibu mkurugenzi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), na mwaka wa 1967 akachapisha kumbukumbu zake. Alifariki 1993.

Wapo waliomwita msaliti, na wapo walioamini alitaka damu ikome kumwagika. Kalamu ilimwongezea miaka 39. Zaidi ya Wakenya 1,000 walionyongwa wakati wa hali ya hatari hawakupewa nafasi hiyo.